Sweta ya Kwenda Mwingi

“Mwingi na sweta?”

Sauda aliacha kushona pazia la watu, mguu ukabaki juu ya kanyagio la cherehani.

“Kasiva, ni Mwingi hii hii ninayoijua mimi? Mahali hata mbuzi wanagombania kivuli? Anaenda kufanya nini huko na sweta?”

“Si ndiyo nakuuliza wewe.”

“Mimi nitajuaje? Mchumba ni wako.”

Kasiva alikuwa amesimama mlangoni pa duka lao mjini Kitui, akimtazama Kisilu akivuka barabara na mkoba wa kompyuta begani. Chini ya kwapa alikuwa amebana sweta nzito ya kijani. Kasiva aliijua vizuri kwa sababu aliifuma mwenyewe, kwa mashine ile ile anayofumia sweta za wanafunzi. Jua lilikuwa halijapanda hata, na tayari bati la duka lilikuwa linalia kwa joto.

“Jumamosi iliyopita pia aliibeba,” Kasiva akasema.

“Labda anasikia baridi ya mapenzi.”

“Sauda, usinichekeshe. Nataka kujua.”

Na kweli alitaka kujua. Haikuwa hasira, bado. Ilikuwa kama uzi uliochomoza kwenye sweta: mkono unaurudia tu, hata ukijikataza.

Kisilu alirudi jua likizama. Alipita dukani kabla ya kwenda kwake, kama kawaida, akawasaidia kuteremsha mlango mzito wa chuma uliowashinda kila jioni.

“Habari ya Mwingi?” Kasiva akauliza.

“Nzuri. Joto tu.”

“Joto. Na sweta ilikusaidia?”

Kisilu akaiangalia ile sweta kana kwamba imemfuata yenyewe njiani.

“Niliibeba tu. Unajua hali ya hewa siku hizi haina adabu.”

Akafungua mkoba, akatoa maparachichi makubwa. Lililoiva alimpa Sauda, kwa sababu alijua Sauda hufunga kazi akiwa na njaa na ana watoto wanaomngoja. Yaliyobaki akampa Kasiva. Kasiva aliinusa sweta wakati anampokea mkoba. Ilinuka moshi wa kuni.

“Kisilu, gemu itatoka lini?”

“Imebaki sauti.”

“Krismasi ilibaki sauti. Pasaka ikabaki sauti.”

“Sauti ni kitu kikubwa, Kasiva. Bila sauti mawe hayasongi.”

“Na mbuzi wa ntheo?”

“Gemu ikitoka tu, mbuzi wanafuata. Si nilikuambia?”

Alikuwa amemwambia, tena mara nyingi. Ntheo ni wale mbuzi wa kwanza ambao Mkamba hupeleka kwa kina msichana, na wakishapokelewa kila mtu anajua huyu sasa ana mwenyewe. Bila hao, Kasiva alikuwa msichana anayesindikizwa tu mpaka mlangoni.

Hiyo gemu ilikuwa hivi. Kuna msichana katika nchi kavu, na kuna mto wa mchanga usio na maji juu. Msichana anawaita wanawake wa mwethya, lile kundi la majirani wanaofanya kazi kwa pamoja, wajenge bwawa la mawe ili maji yabaki chini ya mchanga. Mwenye kucheza anabonyeza kwa kufuata mdundo wa wimbo wao. Akipatia, mawe yanapanda. Akikosea, wanawake wanamcheka. Kisilu alipoitangaza mtandaoni, watu wa Kitui na Makueni waliipenda sana wakachangia kwa simu, hata walioko ng'ambo. Kila aliyechanga aliahidiwa jina lake lichorwe kwenye jiwe moja la bwawa. Kasiva ndiye aliyewaleta akina mama wa kanisa lao na wenye maduka wa mtaa wao. Aliwaambia, “Huyu namjua.”

Sasa miaka ilikuwa imepita, na katika kundi la WhatsApp la wachangiaji maneno yalikuwa yanachemka. Musembi, mwenye duka la misumari na mabati, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

“Ndugu Kisilu, hii sauti inatafutwa wapi, mbinguni? Mimi nitakuimbia bure.”

“Jiwe langu limeota nyasi,” mwingine akaandika.

“Langu limebebwa na mafuriko.”

Kisha Musembi tena:

“Jumapili ijayo baada ya kanisa, tukutane nyuma ya duka langu. Kisilu aje na gemu ama aje na maelezo. Na Kasiva asikose. Yeye ndiye alituambia anamjua.”

Kasiva aliyasoma maneno hayo ya mwisho, akaifunika simu juu ya meza.

Siku mbili baadaye Kisilu alikuja kutengeneza soketi ya Sauda iliyokuwa inatoa cheche. Hakuna aliyemwomba. Alisikia Sauda akilalamika, akaja na bisibisi. Simu yake aliiacha juu ya mashine ya Kasiva. Ikawaka. Kasiva hakuwa mtu wa kupekua simu ya mwenzake, lakini macho hayafungwi kama mlango.

Aliyetuma alikuwa ameandikwa jina “Sauti”.

“Jumamosi kuja mapema. Nimekumbuka nyingine tamu sana. Lakini Kasiva asijue bado.”

Kasiva alisoma, simu ikazima. Kisilu alikuwa juu ya kiti, mgongo kwao, akiimba kwa sauti ya chini.

“Umeme umerudi!” akasema kwa furaha.

“Asante,” Kasiva akajibu. “Umeangaza kila kitu.”

Alipoondoka, Kasiva alimwambia Sauda yote.

“Muulize,” Sauda akasema.

“Nikimuuliza ataniambia imebaki sauti.”

“Basi ni kweli, si imebaki Sauti? Tena inamngoja Jumamosi.”

“Sauda!”

“Samahani, dada yangu. Njoo ukae hapa. Kunywa maji kwanza.”

Jioni hiyo Kasiva alimpigia mama yake. Mama Mbithe aliishi peke yake kwenye vilima vya Mbooni, tangu baba Kasiva alipofariki.

“Mama.”

“Kasiva wangu. Umekula?”

“Mama, Kisilu ana mwanamke.”

Upande wa pili kuku mmoja alilia. 

“Mwanamke gani?”

“Simjui. Amemwandika kwa simu ‘Sauti’. Kila Jumamosi anaenda kwake. Anamwambia kuja mapema, nimekumbuka nyingine tamu.”

“Tamu kivipi?”

“Mama, unaniuliza mimi?”

“Hapana, nauliza tu. Pengine ni... pengine ni mtu mzima.”

“Mtu mzima ana haja gani na kijana wa watu kila Jumamosi?”

“Watu wazima pia wanaongea, Kasiva. Wana mambo yao ya kuongea.”

“Mbona unamtetea? Umemwona mara moja tu, kwa matanga ya baba, akibeba viti.”

“Alibeba vizuri,” mama akasema haraka. “Wengine waliketi. Yeye alibeba, na akarudisha hadi cha mwisho. Mimi niliona.”

“Basi Jumapili namwacha. Mbele ya hao watu wote wa mkutano. Nawaambia nilikosea, simjui. Na hao mbuzi wake awapeleke kwa Sauti.”

Mama Mbithe akavuta pumzi ndefu.

“Kasiva, nisikie. Usimwache mtu kabla hatujaongea mimi na wewe.”

“Si tunaongea sasa?”

“Si kwa simu. Lala. Nitakuombea.”

Kasiva alibaki na simu mkononi, amechanganyikiwa. Huyu alikuwa mama ambaye mwewe akichukua kifaranga cha jirani yeye ndiye hukasirika wiki nzima. Leo anaambiwa mtoto wake amechezewa, na hata jina la mtu huyo hataki kulijua vizuri. Kulikuwa na kitu hapo, na uzi ule ukaanza kumsumbua upya.

Jumamosi Kasiva alimwachia Sauda funguo.

“Unamfuata?”

“Simfuati. Naenda kwa mama. Ameniambia tuongee, naenda tuongee.”

“Beba kitu cha kujifunika. Kwenu ni baridi.”

“Niko sawa.”

Hakuwa sawa. Alipoanza kupanda ile njia ya mteremko mkali wa Mbooni, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba, na baridi ikampata kwenye mabega. Yeye mfumaji wa sweta, amekuja na blauzi nyepesi! Mwanamke mmoja aliyekuwa akishuka na mkungu wa ndizi akamhurumia.

“Mtoto wa Mbithe, mbona umekuja hivi? Huku hatuji bila sweta.”

“Nimesahau, mama.”

Mwanamke akapita. Kasiva akasimama katikati ya njia.

“Sweta,” akasema peke yake.

Akageuza macho. Juu ya ua wa kila boma kulikuwa na miti ya maparachichi, imeinama kwa uzito. Moshi wa kuni ulikuwa unatoka kwenye majiko, polepole, ukishikana na ukungu.

“Anakuja huku! Tena kwetu! Amekosa wanawake Kitui nzima, akachukua wa kijijini kwetu!”

Hapo sasa hasira ilifika. Alipanda kama mtu anayekimbizwa, akiwapanga akilini wasichana wote wa kijiji chao, nani ameolewa, nani amerudi nyumbani. Hakuna aliyefaa. Alifika kwao akihema, akapitia nyuma, upande wa jikoni. Na hapo ndipo alipousikia wimbo.

Ilikuwa sauti ya mama yake. Lakini haikuwa ile ya kanisani, iliyojificha kati ya sauti za wengine. Hii ilikuwa imesimama peke yake. Iliita, ikangoja, ikaita tena, na kati ya mwito na mwito kulikuwa na kishindo cha mwiko kwenye sufuria. Kasiva alikuwa mdogo mara ya mwisho alipomsikia mama akiimba hivyo, siku wanawake walipojenga bwawa kule chini mtoni.

“Hapo, mama. Simama kidogo,” sauti ya mwanamume ikasema. “Jogoo ameingilia tena.”

“Huyo jogoo nitamchinja siku ya mbuzi wako.”

Kasiva alishika ukuta. Kwenye ufa wa mlango aliona mgongo wa sweta ya kijani. Kisilu alikuwa ameketi kwenye kigoda, kompyuta magotini, na kikapu cha maharagwe kati yake na mama. Kipaza sauti alikuwa amekivisha soksi. Walikuwa wanaambua maharagwe wote wawili.

“Mama, mbuzi wako tayari,” Kisilu akasema. “Wako kwa mjomba Nzau tangu mvua ya masika. Mmoja hata amezaa. Nangoja neno lako tu.”

“Ukileta mbuzi, Kisilu, mimi nitakuwa nakukimbia. Ukipita njia hii naingia kwa mahindi. Ukiketi sebuleni mimi niko jikoni. Ndiyo nthoni yetu hiyo. Mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, hawali meza moja.”

“Siku hizi wengi wameacha.”

“Wameacha wao. Mama yangu hakuacha, na mimi siachi. Nikikukimbia ndiyo watu wajue mtoto wangu ameolewa na mtu anayeheshimiwa.” Mama akachukua ganda lingine. “Lakini acha nikuambie ukweli. Kasiva ana kazi yake Kitui, na ni sawa. Tangu baba yake aende, jiko hili lilinyamaza. Nilikuwa naambua maharagwe nikimwambia paka habari za siku. Wewe ukaja na hiyo soksi yako. Sasa nikifikiria mbuzi hao...”

Hakumaliza. Kisilu naye hakumharakisha. Alisogeza kikapu karibu na mkono wake ili asiiname.

Kasiva akasukuma mlango.

“Kwa hivyo Sauti ni mama yangu.”

Kipaza sauti kikaanguka kwenye maharagwe. Kisilu alisimama, akaketi, akasimama tena.

“Kasiva...”

“Usiniambie imebaki sauti.”

“Funga mlango, baridi inaingia,” mama akasema. “Na mbona umekuja bila sweta?”

Kasiva alitaka kulia, kikatoka kicheko, kikageuka kilio tena. Mama alimvuta akamketisha karibu na moto, akampa kikombe cha Kisilu ambacho kilikuwa bado na chai moto.

“Mimi ndiye nilimkataza akuambie,” mama akasema. “Wewe ulimwambia kwamba mama yako hawezi kuimbia mashine, ana haya. Akaja mwenyewe kuniomba. Nikamwambia sawa, lakini iwe siri. Watu wangesema nini? Mbithe anaketi jikoni na kijana anayemtaka binti yake! Nikasema tumalize kabla ya ntheo.”

“Na nyimbo ziliisha lini, mama?”

Mama Mbithe aliangalia moto.

“Mama.”

“Ziliisha kitambo.”

“Na hizi zingine unazokumbuka kila wiki?”

“Nilikuwa nazigeuza kidogo. Ya kupalilia naifanya ya kutwanga.”

Kasiva akamgeukia Kisilu.

“Na wewe mwenye kompyuta, hukujua?”

“Nilijua.”

“Ulijua?” mama ndiye aliyeshtuka.

“Mama, wimbo wa kubeba mawe umenipa mara nyingi. Kila mara unabadilisha jina la mto.”

“Na ukanyamaza?”

“Kila mara ulikuwa umeshaweka chai.”

Kuni zikapasuka. Mama aliinua pembe ya leso akajipangusa jicho, akisema ni moshi.

Kasiva aliweka kikombe chini.

“Kisilu, mama yangu umemtendea mema, na sitayasahau. Lakini wema huo huko Kitui nimeulipia mimi. Akina mama wa kanisa wananipita hawanisalimu. Musembi ananiita mke wa tapeli, na mke mwenyewe sijakuwa. Watu wamengoja, na kila siku unawaambia imebaki sauti, wakati sauti unazo. Huo ni uongo.”

“Mama alinikataza kukuambia...”

“Mama alikukataza kuniambia habari yake. Hakukukataza kumaliza kazi.”

Kisilu aliinamisha kichwa. Hakutafuta neno la kujificha nyuma yake.

“Ni kweli. Nilimwonea mama huruma, nikasahau kukuonea wewe. Na hao watu pia. Kila nilipotaka kusema basi, nilimwona akisimama pale kwa ukuta akiangalia njia ninayoshuka. Nikaona nirudi mara moja tena. Nisamehe, Kasiva.”

“Na mimi,” mama akasema polepole. “Mimi ndiye mkubwa hapa. Nilijiona mimi peke yangu ndiye mpweke. Juzi uliponipigia simu ukasema unamwacha, sikulala. Nilikuwa nimekuvunjia nyumba kabla haijajengwa.”

Aliinuka, akakitoa kile kipaza sauti kwenye maharagwe, akakipuliza vumbi, akamrudishia Kisilu.

“Washa. Kuna wa kufungia kazi, ule tulioimba bwawa likiisha. Huo nilikuwa sijakupa, kwa sababu baada yake watu huenda nyumbani. Kasiva, wewe itikia.”

“Mama, mimi sijui kuimba.”

“Hata wale wa mtoni hawakujua. Itikia.”

Kasiva akaitikia. Mara ya kwanza sauti ilimkwama, Kisilu akatabasamu, naye akamtupia ganda la maharagwe. Mara ya pili ikatoka. Mama aliita, binti akaitikia, na Kisilu alishika kompyuta kwa mikono miwili. Hata jogoo safari hii alingoja zamu yake.

Ulipokwisha, mama Mbithe alimpa Kisilu mkono. Aliushika muda mrefu, akimtazama usoni kama mtu anayetaka kukariri.

“Leta mbuzi,” akasema. “Na usikawie kama gemu.”

Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kumwangalia ndama. Hakurudi jikoni mpaka Kisilu alipoondoka.

Walishuka pamoja, Kasiva na Kisilu. Kwenye kona ya kwanza Kisilu alivua sweta akamvisha.

“Na wewe?”

“Mimi naenda Mwingi. Kuna joto.”

Kasiva alimpiga begani, akacheka mpaka akalazimika kushika mti.

“Kisilu.”

“Naam.”

“Siri nyingine ukiwa nayo, hata kama ni nzuri, uniambie.”

“Nitakuambia.”

“Hata kama mama amekukataza.”

“Hapo sasa unanitafutia vita.”

“Sema.”

“Hata kama mama amekataza.”

Jumapili, nyuma ya duka la Musembi, watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya magunia ya simiti. Musembi alijiweka mbele, mikono kifuani.

“Tulisema gemu ama maelezo.”

“Nimekuja na vyote,” Kisilu akasema. “Maelezo kwanza. Sauti nilikuwa nazo tangu mwaka jana. Niliendelea kuwaambia zimebaki, na hazikuwa zimebaki. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Ni mimi.”

Minong'ono ikapanda.

“Kwa nini sasa?” Musembi akauliza. “Mtu hakai na gemu tayari bila sababu.”

Kisilu alinyamaza. Akatazama chini, akayapokea macho ya watu wote. Kasiva alijua kwa nini ananyamaza. Hakutaka kumtaja mjane wa watu mbele ya umati. Lakini Kasiva alikuwa ameshampigia mama asubuhi, na mama alikuwa amesema, sema, nimechoka kujificha. Akasimama.

“Ni kwa sababu ya mama yangu,” akasema. “Ndiye anayeimba humo ndani. Alikuwa anajua ntheo ikienda hataketi tena na huyu kwa ajili ya nthoni. Kwa hivyo akawa anakumbuka wimbo mwingine, na mwingine. Na huyu akawa anaenda.”

Musembi akakuna kichwa.

“Yaani ngoja. Wewe umekubali kutukanwa na Kitui nzima kwa sababu ya chai ya mama mkwe?”

Watu wakaangua kicheko. Mama Ndinda wa kanisani, ambaye alikuwa hamsalimu Kasiva, alicheka mpaka akavua miwani.

“Mimi mkwe wangu hata chumvi hajawahi kuniletea,” akasema. “Huyu anaambua maharagwe?”

“Lakini msicheke tu,” Sauda akasimama. “Kisilu, mimi nakupenda kama ndugu. Soketi umenitengenezea. Lakini ungetuambia tu, jamani, kuna jambo la mtu mzima, tungengoja. Kungoja hakukutuuma. Kilichotuuma ni kudanganywa.”

“Umesema kweli,” Kisilu akasema. “Sitarudia.”

“Haya, lete hiyo kitu,” Musembi akasema, tayari amevuta kiti.

Kompyuta ikafunguliwa. Mto wa mchanga ukaonekana, na wanawake wamesimama mstari. Sauti ya Mbithe ikaita. Musembi alikosea, wanawake wakamcheka, na watu wote wakawasaidia kumcheka. Akajaribu tena, ulimi umemtoka pembeni. Jiwe la kwanza likapanda, kisha la pili. Alipopandisha jiwe lenye jina lake alipiga kelele kama mtoto, na hakutaka kuinuka.

“Musembi, toka! Na sisi tuna mawe!”

“Ngojeni kidogo!”

“Kungoja tena?”

Gemu ilitoka wiki hiyo hiyo. Na kabla mahindi ya Mbooni hayajakauka, mjomba Nzau na wazee wenzake walipanda ile njia wakiswaga mbuzi, na mwanambuzi mmoja akifuata mama yake bila kualikwa.

Kisilu alikuwa nyuma yao, shati jeupe, uso umejaa jasho la woga. Kwenye kona ya mwisho alikutana ana kwa ana na Mbithe aliyekuwa akitoka kukata ndizi za wageni. Mbithe alisita kidogo tu. Kisha akafunika uso kwa leso, akaingia ndani ya mahindi. Kisilu akageukia upande wa pili, akasimama akitazama ukuta wa mawe kama mtu anayeusoma. Alingoja mpaka majani yalipotulia.

Kasiva aliyaona hayo yote akiwa uani, na moyo ukamuuma. Wazee walipoketi sebuleni, alimfuata mama jikoni. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, simu mkononi, amekunja uso.

“Mama, unasikia vibaya?”

“Nasikia vibaya kwa hiki kidude. Ukitaka kutuma sauti unabonyeza ama unashikilia?”

“Unashikilia. Unataka kumtumia nani?”

“Nthoni ni ya macho na ya meza. Ya simu mama yangu hakuniambia.”

“Mama!”

“Nipishe, Kasiva. Naongea na mtu.”

Kule sebuleni, mjomba Nzau alikuwa katikati ya hotuba ndefu, sahani ya muthokoi mkononi, wakati simu ya Kisilu ilipotetemeka mfukoni. Aliitoa kwa adabu, akaiweka sikioni. Kasiva, aliyekuwa amerudi na maji ya kunawa, alisimama nyuma yake akaisikia vizuri, kwa maana mama Mbithe hakuwahi kujua kuongea polepole.

“Kisilu, ni mimi. Karibu nyumbani. Mwambie mjomba wako aache kuhutubu na chakula mkononi, kinapoa. Na kola ya shati lako imekunjika upande wa kushoto. Usiniulize nimeionea wapi.”

Kisilu aliirudisha simu mfukoni. Akainua mkono polepole, akaitengeneza kola, bila kugeuza uso hata kidogo upande wa mlango wa jikoni.